Serikali Inakopa kwa Kibarua

Kuna darasa la chekechea katika kaunti moja ya Kenya ambayo sitaitaja. Lina madirisha manne, mabati ya samawati na sakafu ya simiti iliyosuguliwa mpaka ikang'aa. Ukutani, karibu na mlango, pana bamba lenye jina la mheshimiwa aliyelizindua. Ukipita pale asubuhi utawasikia watoto wakiimba hesabu kwa sauti moja: moja, mbili, tatu, nne. Darasa hilo lilijengwa na mdogo wangu wa kike, kwa zabuni aliyoipata kupitia mpango wa kuwapa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya kandarasi za serikali. Alilikamilisha Machi 2022. Utepe ukakatwa, picha zikapigwa, pilau ikaliwa. Mpaka leo ninapoandika makala haya hajalipwa hata shilingi moja.

Pesa za darasa lile zilitoka wapi? Bamba halisemi, kwa hiyo nitasema mimi. Mdogo wangu alikopa katika Sacco, akadhaminiwa na walimu watatu wanaomwamini. Simiti, mabati na misumari alichukua kwa mkopo katika hadiwea ya sokoni. Mchanga na kokoto vililetwa na mwenye lori aliyekubali kungoja wiki mbili. Fundi na vibarua wanane walilipwa nusu, nusu nyingine wakaambiwa wangoje kaunti ilipe. Mama aliyewapikia ugali na maharagwe aliandika kila sahani kwenye daftari. Leo walimu wale wanakatwa mishahara kulipia mkopo ambao hawakuonja senti yake. Mwenye hadiwea na mdogo wangu wakikutana njiani hawasalimiani. Mama wa chakula alifunga kibanda. Daftari bado analo.

Sasa nijibu: nani aliyejenga darasa hilo? Kaunti haikutoa mfuko mmoja wa simiti. Waliolijenga ni mwalimu, mwenye lori, fundi na mama wa ugali, na mheshimiwa akaja kubandika jina lake juu ya jasho lao. Ninalotaka kusema leo ni hili, na sitaling'ata: serikali inapokaa na malipo ya mwanakandarasi, inakopa. Inakopa bila kuomba, bila kutia saini, bila riba, kwa mtu asiye na uwezo wa kukataa. Ikitaka pesa kwa benki itapelekewa masharti mezani. Ikizitaka kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, itaulizwa maswali mpaka ichoke. Lakini kwa kibarua wa mjengo inajichotea tu, kisha inamwambia aje kesho.

Na tumelipa jambo hili jina la upole. Tunaziita bili zinazosubiri. Bili haisubiri, ndugu zangu. Bili haina kodi ya nyumba, haina mtoto aliyefukuzwa shule, haina presha. Anayesubiri ni mtu.

Tazama ukubwa wake. Kufikia mwisho wa Juni 2024, serikali zetu 47 za kaunti zilikuwa zinadaiwa takribani Sh182 bilioni, Nairobi ikiongoza kwa mbali. Hizo ni kaunti peke yake. Katika serikali ya kitaifa, wanakandarasi wa barabara walikuwa wanadai kiasi cha Sh175 bilioni, mashine zikaegeshwa, vibarua wakarudishwa nyumbani, barabara zikabaki vumbi na mitaro. Mwaka 2023 ikaundwa kamati ya kuhakiki madeni ya serikali ya kitaifa, ikiongozwa na aliyekuwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Edward Ouko. Kamati hiyo ilipewa kazi ya kuchunguza madeni ya kuanzia mwaka gani? Mwaka 2005! Mtoto aliyezaliwa mwaka huo alikuwa amefika umri wa kuchukua kitambulisho wakati serikali inaanza kujiuliza kama kweli inadaiwa.

Wenye ofisi wana majibu yao, nami nimeyasikia yote. Niyachukue moja baada ya jingine.

Jibu la kwanza: hakuna pesa. Nani aliwaambia mtangaze zabuni bila pesa? Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015, katika kifungu cha 53, inamkataza afisa anayesimamia matumizi kuanza zabuni yoyote kabla hajaridhika kwamba pesa zake zimo katika bajeti iliyoidhinishwa. Inaongeza kwamba anayeanza huku akijua hajahakikisha ametenda kosa la jinai. Sheria iko wazi kama mchana. Kwa hiyo kila bili halali iliyooza kabatini inatuachia maswali matatu: je, zabuni ilitangazwa kinyume cha sheria, pesa zilikuwapo zikapelekwa kwingine, au bajeti yenyewe ilikuwa ndoto? Na hiyo ya ndoto tunajua inavyochezwa. Kaunti inaandika katika bajeti kwamba itakusanya mamilioni kutoka sokoni, maegeshoni na kwenye leseni, ikijua fika kwamba haijawahi kukusanya kiasi hicho hata siku moja. Juu ya pesa hizo za ndotoni inatangaza barabara, zahanati na madarasa. Mwaka wa fedha unapofika ukingoni Juni, ndoto inaisha, na anayeamshwa kwa kofi ni mwanakandarasi.

Jibu la pili: madeni mengine ni hewa. Ni kweli, na mimi ni wa kwanza kutaka wezi hao wafungwe. Ukaguzi maalumu wa madeni ya kaunti ya kufikia Juni 2018 uliletewa madai ya karibu Sh89 bilioni. Yaliyoonekana kustahili kulipwa yalikuwa kama Sh51 bilioni. Pengo hilo ni kubwa na linatisha. Lakini tujiulize hewa huzaliwa wapi. Huzaliwa katika muda. Kazi ikipimwa wiki inapokamilika, ukuta upo, mhandisi yupo, fundi anaweza kuitwa kwa jina. Ukingoja miaka sita, mhandisi amehamishwa, faili limepotea, mvua imekula barabara, na yeyote mwenye mhuri anaweza kuchomeka ankara ya daraja ambalo halikuwahi kujengwa. Uchelewaji ndio shamba la madeni hewa. Halafu serikali inayachukua magugu iliyoyapanda yenyewe na kuyafanya sababu ya kutomlipa mkulima wa kweli! Mwizi mmoja akifichama katika foleni ya watu kumi, tunamtafuta mwizi. Hatuwanyimi chakula wote kumi.

Jibu la tatu, na hili ndilo linalonichemsha damu: deni hilo ni la gavana aliyetangulia. Hivi gavana mpya alipoingia ofisini alikataa gari la aliyetangulia? Alikataa jengo? Aliwafungia watoto madarasa yaliyojengwa na utawala uliopita? Amerithi kila kitu kitamu, kisha anakataa kurithi deni. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaifanya kaunti kuwa chombo cha kisheria kisichokufa. Magavana huja na kuondoka. Mdaiwa ni yuleyule. Mdogo wangu hakutia saini na mwanasiasa. Alitia saini na kaunti. Uchaguzi wa Agosti 2022 ulipopita, kamati ya kuhakiki madeni ikaundwa, akapeleka karatasi upya. Kamati ikavunjwa, ikaundwa nyingine, akapeleka tena. Mara ya tatu aliulizwa kama ana picha za msingi kabla ya kumwagwa zege. Jengo limesimama mita mia mbili kutoka ofisi ya wadi, lina watoto ndani yake, na anaulizwa picha!

Sasa niseme lile ambalo kila mwanakandarasi mdogo analijua na haandiki popote. Uchelewaji ni biashara. Fuata safari ya karatasi moja. Kazi inaisha. Kamati ya ukaguzi na upokeaji lazima ije kuitazama. Haina gari, itafutie mafuta. Mhandisi lazima aandike cheti. Yuko kwenye semina. Cheti kinafika ununuzi, kinatoka ununuzi kinakwenda uhasibu, kinatoka uhasibu kinaingizwa kwenye mtandao wa malipo, mtandao umelala. Ombi la pesa linapelekwa kwa Msimamizi wa Bajeti, linarudishwa kwa sababu kiambatisho hakipo. Katika kila mlango kuna mtu aliyekalia karatasi, na mtu huyo anajua kwamba aliyeshikilia upande wa pili ana mkopo unaozaa riba kila usiku. Hahitaji kuomba chochote. Anahitaji kunyamaza tu. Ukimya wake una bei, na bei hiyo hupanda kadiri riba ya benki inavyopanda. Ndiyo maana aliyekamilisha kazi jana hulipwa leo, na aliyekamilisha miaka mitatu iliyopita huambiwa faili halionekani. Mwenye kusukuma faili hulipwa. Asiye na cha kusukumia, huzeeka nalo.

Ndiyo maana pia sitaki kusikia habari ya maagizo. Tulipewa agizo. Tarehe 1 Juni 2019, Siku ya Madaraka, Rais Uhuru Kenyatta alisimama mbele ya taifa akaagiza bili zote zisizo na dosari zilipwe kabla ya mwaka ule wa fedha kwisha. Watu walipiga makofi. Miaka imepita na milima ya madeni imeongezeka urefu. Agizo ni upepo. Halimpi mwanakandarasi haki ya kudai, halimtishi afisa kwa adhabu, halina siku ya kuhesabia. Tunahitaji sheria. Na hiyo nayo ilijaribiwa: Seneta Farhiya Haji alipeleka mswada wa malipo ya haraka katika Seneti, mwaka 2020 na tena mwaka 2021. Bunge lile likafika mwisho wa muda wake mwaka 2022 na mswada ukabaki karatasi. Wabunge hawakukosa muda wa kujadili marupurupu yao.

Wakati huo huo, tazama jinsi dola inavyotumia mikono yake miwili. Kwa mujibu wa Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ya mwaka 2013, kodi ya mjengo huanza kuhesabiwa cheti cha kazi kinapotolewa au ankara inapoandikwa, lolote litakalotangulia, hata kama malipo yenyewe hayajaonekana. Ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, asilimia 16 inadaiwa na Mamlaka ya Mapato, KRA. Elewa maana yake. Serikali imekaa na pesa zako, haijakupa, na bado inakudai kodi juu ya pesa hizo ambazo iko nazo yenyewe. Mkono wa kushoto unasema sina, wa kulia unasema lete. Ukishindwa, hupati cheti cha kufuata kanuni za kodi. Ukikosa cheti hicho, huwezi kuomba zabuni nyingine. Aliyekudhulumu ndiye anayekufungia mlango.

Ukienda mahakamani je? Nenda. Utashinda; wengi wameshinda. Utatoka na hukumu iliyopigwa mhuri, na hapo ndipo utakapokutana na Sheria ya Mashtaka dhidi ya Serikali, urithi wa enzi za ukoloni, ambayo katika kifungu cha 21 inazuia mali ya serikali kukamatwa kwa ajili ya deni, na kaunti nazo zimejificha chini ya mwavuli huo. Itakubidi urudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha afisa alipe, kisha urudi tena kuomba aadhibiwe kwa kukaidi amri. Kila kurudi kuna ada ya wakili. Benki inaweza kupiga mnada nyumba ya mwanakandarasi, kitanda chake na gari lake la kubebea mchanga kwa sababu ya deni alilokopa akaijengee serikali. Yeye hawezi kukamata hata kiti kimoja cha ofisi anayoidai. Nionyesheni haki katika hilo. Nionyesheni!

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimesema nusu. Chini ya mwanakandarasi mkuu wako wengine: wa umeme, wa mabomba, wa madirisha, wa rangi, wa kuchimba mitaro, mwenye kukodisha mashine. Hao ndio wanaofanya kazi ya mikono, na hao ndio wasio na jina katika mkataba wowote wa serikali. Mkataba wao na mwanakandarasi mkuu una sentensi moja inayobeba mauti: utalipwa nikilipwa. Serikali ikichelewa, wanachelewa. Serikali ikilipa, bado wanaweza kuchelewa, kwa kuwa hakuna anayewaambia kwamba pesa zimeingia. Mwanakandarasi mkuu anazipeleka kuanzisha kazi nyingine, au kulipa deni la kazi ya zamani, au kununua gari. Nimewahi kukaa na fundi wa mabomba aliyegundua kwamba jengo alilofanyia kazi lililipwa lote mwaka mzima uliotangulia. Aligundua kwa kusoma gazeti.

Na hapa sheria zetu zinanishangaza. Kanuni za Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi za mwaka 2014 zinamtaka mwanakandarasi wa kigeni awape wenyeji angalau asilimia 30 ya kazi. Vizuri sana, tulishangilia. Lakini sheria iliifuata kazi mpaka mkononi mwa mwenyeji, kisha ikageuka ikarudi nyumbani. Haikuzifuata pesa. Kampuni kubwa ya barabara, inayofanya kazi kwa mkataba wa kimataifa wa ujenzi wa FIDIC, ina ngao: mkataba wa toleo la mwaka 1999 unasema ilipwe ndani ya siku 56 tangu mhandisi apokee hesabu zake, idai gharama ya kucheleweshewa, na ikitoa notisi ya siku 21 inaweza kusimamisha kazi. Mwenye tingatinga moja aliyekodiwa na kampuni hiyo hana siku 56, hana riba, hana notisi. Akisimamisha kazi anafukuzwa. Ngao imeishia kwa mwenye nguvu, na mkuki umepita mpaka kwa mnyonge.

Msidhani kwamba haya ni ya wanakandarasi peke yao. Wewe unayesoma ukiwa ndani ya matatu, unalipa. Mwaka 2024 ushuru wa kutunza barabara ulipandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita ya mafuta. Mwaka uliofuata, Sh7 za kila lita, kiasi kile kile kilichoongezwa, zikawekwa rehani kutafuta mabilioni ya kuwalipa wanakandarasi wa barabara. Walistahili kulipwa, na nafurahi kila aliyelipwa. Lakini fikiria hasara yake. Pesa zilizokusudiwa kuziba mashimo ya kesho zinaziba deni la jana. Kifungu cha 140 cha sheria ile ile ya ununuzi kinataka anayechelewesha malipo alipe riba, nayo riba hiyo, pale inapodaiwa, haitoki mfukoni mwa afisa aliyekalia faili. Inatoka kwako, mwendesha bodaboda. Inatoka kwako, mama unayesafirisha nyanya. Na mwanakandarasi mwaminifu aliyeumwa mara moja hufanya mojawapo ya mawili: hupandisha bei ya zabuni yake ijayo ili kufidia miaka ya kungoja, au hukimbia kazi za serikali kabisa. Wanaobaki ni wale wenye mtu ndani. Ukiona ukuta wa shule umepasuka kabla ya miaka miwili, usimlaumu fundi peke yake. Jiulize ni nani aliyefukuzwa katika foleni mpaka akabaki yule.

Wako waliolitatua jambo hili, si kwa miujiza. Marekani walitunga sheria ya malipo ya haraka mwaka 1982. Ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1988, kazi za ujenzi za serikali kuu zikapewa siku 14 kwa malipo ya hatua kwa hatua, na mwanakandarasi mkuu akapewa siku saba, tangu apokee pesa, kuwalipa walio chini yake. Siku saba! Uingereza, baada ya ripoti ya Michael Latham ya mwaka 1994 kuonyesha jinsi sekta ya ujenzi inavyojila yenyewe, ilitunga sheria mwaka 1996: ikapiga marufuku utalipwa nikilipwa, isipokuwa pale mlipaji wa juu anapofilisika, ikampa asiyelipwa haki ya kusimamisha kazi, ikaweka mwamuzi wa kutoa uamuzi ndani ya siku 28. Hata huko hayakuisha. Kampuni kubwa ya Carillion ilipoanguka Januari 2018, ikiwa katikati ya kujenga hospitali za umma, mafundi na kampuni ndogo zilizokuwa chini yake ziliachwa na ankara zisizo na mlipaji. Afrika Kusini nao wana kanuni ya siku 30, na kila mwaka idara za serikali huivunja, kwa kuwa anayeivunja hulala usingizi wake bila wasiwasi. Funzo ni moja: tarehe bila adhabu ni mapambo.

Hatuna haja ya kwenda mbali kujifunza aibu ya jambo hili. Misikitini tumefundishwa kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Makanisani tumesomewa kwamba ujira wa maskini usilale na mwajiri mpaka jua lichwe, kwa kuwa moyo wake unautegemea. Wahenga wakamaliza kwa maneno manne: dawa ya deni kulipa. Viongozi wetu hawakosi ibada ya Ijumaa wala ya Jumapili, na michango yao hutangazwa kwa kipaza sauti. Ningependa siku moja imamu au padri amuulize mgeni wake wa heshima, kabla hajapokea bahasha: wale waliokujengea zahanati, umewalipa?

Basi hiki ndicho ninachokidai, na ninawaomba wabunge na maseneta wanisome polepole.

Kazi ipimwe ndani ya siku 14 tangu mwanakandarasi aseme amemaliza. Afisa akiwa na kasoro, aiandike. Akinyamaza, ukimya wake uhesabiwe kuwa amekubali. Hapo tutakuwa tumeiua biashara ya kunyamaza.

Malipo yatoke ndani ya siku 30 tangu kazi ipimwe. Siku ya 31 riba ianze kujihesabu yenyewe, bila barua na bila wakili, maana leo mwanakandarasi mdogo anaogopa kuidai riba yake asije akanyimwa kazi ijayo. Na ikithibitika kwamba pesa zilikuwapo na afisa akazikalia, riba hiyo ikatwe katika mshahara wake.

Foleni iwe wazi. Kila kaunti na kila wizara ibandike orodha ya wanaodai, tarehe walizomaliza na tarehe walizolipwa, mtandaoni na ukutani kwenye ofisi ya wadi. Aliyetangulia alipwe kwanza. Anayeruka foleni aonekane na kijiji kizima, na aliyemrusha aonekane pia.

Utalipwa nikilipwa ifutwe katika kila mkataba wa kazi ya umma. Siku pesa zinapomwingia mwanakandarasi mkuu, walio chini yake wapate ujumbe kwenye simu. Tunatuma pesa kwa simu kutoka Busia hadi Lamu kwa dakika moja. Tusidanganyane kwamba ujumbe huo ni mgumu. Awape chao ndani ya siku saba, na asipofanya hivyo, serikali iwalipe wao moja kwa moja na kumkata yeye.

VAT ya kazi ya serikali idaiwe serikali inapolipa, si kabla. Hukumu ya mahakama dhidi ya kaunti iingie katika bajeti inayofuata kabla ya magari, safari na chai. Na utepe mpya usikatwe mahali popote ambapo deni lililohakikiwa limepita mwaka mmoja. Mheshimiwa akitaka kubandika jina lake ukutani, aulipie ukuta.

Nanyi mnaojenga, acheni kungoja mmoja mmoja mkiwa mmejificha kwa aibu, kana kwamba nyinyi ndio wadaiwa. Mdogo wangu alikaa mwaka mzima bila kwenda kanisani kwa sababu mmoja wa walimu waliomdhamini huketi kiti cha mbele. Aibu hiyo si yake! Imebebeshwa mtu asiyestahili, na ni wakati irudishwe mlangoni mwa mwenyewe. Andikeni majina ya kazi zenu, tarehe zake na pesa zake, mziweke pamoja, mwende nazo bunge la kaunti mkiwa na fundi, na mwenye lori, na mama wa chakula akiwa na daftari lake. Mwakilishi wa wadi anaweza kuikunja barua ya mtu mmoja akaitia mfukoni. Daftari lile hataweza kulikunja.

Juma lililopita nilipita tena karibu na lile darasa. Wale niliowasikia mwaka wa kwanza wameshahamia shule ya msingi, na wengine wameketi kwenye sakafu ile ile ambayo haijalipiwa. Nilisimama dirishani nikasikiliza. Mwalimu aliinua kijiti, nao wakaanza: moja, mbili, tatu. Hawakukwama. Walifika kumi, wakavuka ishirini, wakafika thelathini, wakajipigia makofi.

Hiyo ndiyo hesabu yote tunayoiomba serikali.